Namba Zilizo Ubavuni mwa Tairi

Kengele ya shule ya kwanza tuliyofundisha haikuwa kengele hasa. Ilikuwa ringi kuukuu ya motokaa, imetundikwa kwa waya katika mwembe, nayo ilipopigwa kwa kipande cha chuma ilisikika hata ng'ambo ya bonde. Wasomaji wetu wengi wamekwenda shule kwa mlio wa namna hiyo. Kadhalika wengi wamevaa makatambuga yaliyokatwa katika tairi, na walipokuwa watoto walisukuma tairi kwa fimbo njia nzima mpaka kisimani. Basi vitu hivi si vigeni kwetu. Lakini tukiuliza, "Namba zile zilizo ubavuni mwa tairi zasema nini?" twapata wachache wa kutujibu. Sisi wenyewe tulikuwa katika wasiojua, hata ujinga wetu ulipomwumiza mtoto.

Twakaa Tabata, upande wa magharibi wa mji wa Dar es Salaam, katika wilaya ya Ilala. Katika miaka ya 1980 watu walipajua Tabata kwa sababu ya jaa la taka za mji. Mwaka 1988 wakaaji wenyewe walilishitaki Halmashauri la Jiji katika Mahakama Kuu kwa ajili ya moshi na uvundo wake, nao wakashinda. Jina la Dampo limebaki ingawa taka haziletwi tena. Leo ni mahali pa nyumba nyingi, na kando ya barabara mafundi wa tairi wameweka vibanda vyao: pampu, jeki, karai la maji la kutafutia pancha, na matairi yamepangwa kama vyungu sokoni. Karibu nao hupita Barabara ya Mandela, njia ya malori yatokayo bandarini kwenda Zambia, Kongo na Rwanda. Mahali pafaapo kujifunza habari za matairi kuliko hapo hatupajui.

Mwaka 2017 walimu sita tulichanga fedha tukanunua gari la Toyota Hiace lililokwisha kutumika Japani, ili liwachukue watoto wakaao mbali asubuhi na jioni. Kashata za matairi yake zilipokwisha, mmoja wetu akatumwa kununua mengine. Akainama penye gurudumu la nyuma, akanakili katika karatasi: 195/80R15. Hakuandika zaidi, maana alidhani hayo ndiyo yote. Muuzaji alikuwa nayo matairi ya namba hizo hizo, mapya, tena kwa bei iliyotufurahisha. Fundi kijana aliyeyafunga akalibonyeza moja ubavuni kwa kidole gumba, akasema, "Mwalimu, hili mbona laini?" Tukamjibu, "Namba ni ile ile, fundi. Wewe funga tu." Naye, kwa kuwa alifundishwa kutobishana na walimu, akafunga.

Mwezi wa Machi mwaka 2018 tuliwapeleka watoto Bagamoyo kuyaona majengo ya kale. Tuliporudi alasiri, jua likali bado, tulikuwa watoto ishirini na mmoja na walimu watatu, na nyuma kulikuwa magunia mawili ya viazi vitamu, maana tumezoea kusema kwamba gari la namna ile halijai. Tulipokaribia Mapinga tukasikia mlio kama wa bunduki. Tairi la nyuma la kushoto limepasuka. Gari likayumba, likatoka njiani, likaegemea mkorosho. Binti mmoja wa darasa la tano alivunjika mkono juu kidogo ya kifundo. Alitibiwa, akapona, lakini mkono haukunyoka sawasawa, na mpaka alipomaliza darasa la saba mwaka 2020, kila alipoandika ubaoni tuliuona.

Siku ya tatu yake tulikwenda kwa mzee mmoja wa Tabata aliyefanya kazi ya tairi tangu siku ambazo barabara zetu zilijaa Land Rover. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, walimu. Karatasi yenu mliinakili nusu." Akatuongoza mpaka garini, akafungua mlango wa dereva, akatuonyesha kibao kidogo kilichobandikwa penye nguzo ya mlango. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, ila namba zilikuwa hizi tuzijuazo: 195/80R15 107/105, na herufi LT. Kisha akatupeleka kwenye tairi tulilonunua. Lilisema 195/80R15, halafu 96. "Hilo," akasema, "ni tairi la gari dogo."

Namba 96 katika mpango wa matairi maana yake ni kwamba tairi moja laweza kuchukua kilo 710. Namba 107 ni kilo 975; na ile 105 inayoifuata ni kilo 925, nayo hutumika pale ambapo magurudumu mawili yamefungwa pamoja upande mmoja. Herufi LT zaonyesha tairi la gari la mizigo midogo. Kwa hiyo matairi mawili ya nyuma, ambako ndiko mzigo ulikokuwa, yangalipaswa kuweza kilo 1,950, nasi tulikuwa tumefunga yawezayo kilo 1,420. Upana ni mmoja, kimo ni kimoja, ringi ni moja, lakini nguvu si moja.

Tangu hapo tulitaka kujua ni nani aliyeipanga lugha hii ya ajabu, ambamo upana hupimwa kwa milimeta, kimo kwa sehemu za mia, ringi kwa inchi, na mzigo hautajwi kwa kilo bali kwa namba isiyojieleza. Tumesoma, na tumeona ya kuwa hakuna mtu mmoja aliyeipanga. Imekusanyika kidogo kidogo kwa muda wa miaka zaidi ya mia, kila nchi ikitia neno lake, wala hakuna aliyeyafuta ya mwenzake.

Mwanzo wake ni mpira wenyewe. Utomvu wa mpira ukikauka hulainika na kunata wakati wa joto, na wakati wa baridi hukakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto huwa imara, haujali joto wala baridi. Miaka sita baadaye, mwaka 1845, kijana Mskoti, Robert William Thomson, asiyetimiza bado miaka 25, alipewa hati ya serikali ya Uingereza kwa gurudumu lililozungushiwa mpira wenye upepo ndani. Siku zile hapakuwa na baiskeli za kufaa wala motokaa, na jambo lake likasahauliwa kabisa. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alimfungia mtoto wake mipira ya upepo katika baiskeli yake ya magurudumu matatu, ili isimtikise juu ya mawe ya njia. Dunlop naye akapewa hati. Kisha ikaonekana kwamba Thomson amemtangulia, na hati ile ikabatilishwa. Hata hivyo jina la Dunlop ndilo lililobaki midomoni mwa watu, na Thomson hajulikani ila kwa wasomao vitabu.

Waliotia upepo katika motokaa ni ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin. Mwaka 1895 waliingia katika mashindano ya kutoka Paris hata Bordeaux na kurudi, mwendo wa kilometa karibu 1,200, katika gari lenye matairi ya upepo. Walipata pancha nyingi mno, wakafika nyuma ya wakati uliowekwa, na watu wakawacheka. Lakini walifika, na baada ya miaka michache karibu kila mwenye motokaa alitaka matairi ya upepo.

Kabla hatujazifikia namba, haifai tupite bila kuuliza mpira wa matairi hayo ulitoka wapi. Ulitoka katika misitu ya Brazil, na ulitoka Kongo. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu mwaka 1885 hata 1908, watu wa vijijini walitozwa mpira wa mwitu kwa nguvu. Waliopungukiwa walipigwa, wake zao wakashikwa rehani, na wako waliouawa na waliokatwa mikono. Mwaka 1904, mahali paitwapo Baringa, mke wa mmisionari, Alice Seeley Harris, alimpiga picha mtu mmoja jina lake Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, ndivyo tu alivyoletewa. Picha ile ilionyeshwa makanisani Uingereza na Marekani, nayo ilisaidia sana kumwondolea Leopold nchi ile. Hatusemi kwamba mpira wote ulikuwa wa matairi, maana ulifanyiwa mambo mengi. Lakini baiskeli na motokaa ndizo zilizoutia bei iliyowapumbaza watu.

Katika nchi yetu Wajerumani walipanda mti mwingine wa mpira, ulio ndugu ya muhogo, upande wa Tanga na Morogoro hasa. Walichelewa. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amekwisha kuchukua mbegu za mpira wa Brazil na kuzipeleka London, na miche yake ikapelekwa Ceylon na Malaya. Mashamba yale yalipokomaa, bei ikaanguka mwaka 1913, na mashamba mengi ya hapa yakaachwa yaote majani. Lakini ule mti haukupotea bure. Katika miaka ya 1930 na 1940 wataalamu wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, waliuchanganya na muhogo, wakitafuta muhogo usioshindwa na ugonjwa wa batobato, na uzao wa kazi ile umeenea katika mashamba ya Afrika. Msomaji alaye muhogo leo huenda anakula mjukuu wa mti wa matairi! Tena Wajapani walipoitwaa Malaya na Singapore mwaka 1942, Waingereza walikosa mpira, yale mashamba ya kale ya Kijerumani yakafufuliwa, na watu wakachukuliwa kwa amri kwenda kuyagema.

Motokaa nazo zilikuwa zimekwisha kufika. Tarehe 10 Agosti mwaka 1907 afisa Mjerumani, Paul Graetz, alitoka Dar es Salaam katika motokaa iliyotengenezwa Gaggenau, imeinuliwa juu ili ipite visiki na mawe, akakusudia kulivuka bara la Afrika. Alipita Mpwapwa na Tabora, akashuka kusini, akafika Swakopmund, pwani ya bahari ya magharibi, tarehe 1 Mei mwaka 1909. Safari ile ilimchukua karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo hakuendesha, bali alikaa akingojea vyuma kutoka Ulaya. Twamkumbuka kwa sababu hiyo moja: katika bara zima hapakuwa na duka ambamo angeweza kupata kitu cha kipimo chake. Siku hizi shida yetu ni kinyume cha yake. Vipimo vyote vimejaa madukani, nasi twachukua kile kisicho chetu.

Sasa namba zenyewe. Hapo mwanzo tairi lilipimwa kwa nje, jinsi mtu apimavyo ungo. Wafaransa waliandika milimeta, kama 815 x 105, yaani kimo cha tairi zima ni milimeta 815 na unene wake 105. Waingereza na Wamarekani waliandika inchi. Motokaa ya Ford, ile Model T iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, ilivaa 30 x 3½: kimo inchi 30, unene inchi tatu na nusu. Aliyetaka kujua ukubwa wa ringi ilimpasa kufanya hesabu, atoe unene mara mbili, abaki na 23. Tena zile za kwanza zilivaa 30 x 3 mbele na 30 x 3½ nyuma, ambazo ringi zake ni mbali mbali, hata dereva asiweze kulipeleka tairi la mbele nyuma. Twafikiri madereva wale walijifunza kusoma namba upesi kuliko sisi.

Katika miaka ya 1920 yakaja matairi manene yenye upepo mchache, yaliyowapumzisha watu migongo. Ndipo ilipoonekana ya kuwa kipimo cha nje hakifai tena, kwa sababu ringi moja yaweza kuvaa tairi nene au jembamba. Wakageuza maandishi, wakaanza na unene, kisha ringi: Ford za mwisho zilivaa 4.40-21. Jeep za vita ya pili ya dunia zilivaa 6.00-16, na Land Rover ya kwanza, ya mwaka 1948, nayo 6.00-16. Ndugu yake mkubwa, 7.50-16, ameyabeba magari ya wagonjwa, ya serikali na ya misheni katika barabara zetu mbaya kwa miaka mingi, na tairi la 7.50R16 lingali likiuzwa Dar es Salaam. Inchi za ringi zilizobaki katika kila tairi la leo ni urithi wa siku zile.

Siku zile nguvu ya tairi ilihesabiwa kwa matabaka ya kitambaa cha pamba kilichofichwa ndani ya mpira. Tairi la matabaka manne lilikuwa la gari dogo; la sita au manane lilikuwa la mizigo. Baadaye pamba iliachwa, zikaja nyuzi zenye nguvu zaidi, na tabaka moja likafanya kazi ya mawili. Lakini hesabu ya kale haikuondolewa. Hata leo mafundi wa Tabata husema "tairi la plai nane", na ubavuni pameandikwa 8PR, ingawa ukilipasua hutaona matabaka manane. Ni kipimo cha nguvu tu, kama vile watu wasemavyo nguvu za farasi katika mota isiyo na farasi.

Kisha ikaja R. Mwaka 1946 Michelin walipata hati ya tairi la namna mpya, wakalitoa sokoni mwaka 1949. Zamani nyuzi zilipishana mshazari kama ukili wa mkeka. Wao wakazilaza moja kwa moja kutoka ukingo hata ukingo, kama mbavu za mtu, na juu yake wakazungusha mshipi wa nyuzi za chuma. Tairi hilo hukaa muda mrefu zaidi, wala halipati joto upesi. R ni alama ya mbavu hizo. Watu wengi mjini husema "tairi la R15" wakidhani kwamba R ni ringi. Sivyo, na fundi hasahihishwi bure, kwa maana neno lake hata hivyo laeleweka.

Upana wa matairi haya ya R ukaandikwa kwa milimeta, huku ringi ikibaki katika inchi. Baadaye matairi yalipozidi kuwa mafupi na mapana, wakaongeza namba ya tatu baada ya mkwaju, ionyeshayo kimo cha ubavu kuwa ni sehemu ngapi katika mia za upana. Tairi lisilo na namba hiyo, kama 195R15C, kimo chake huhesabiwa kuwa karibu 80. C ni alama ya gari la kazi. Mwaka 1975 Michelin walijaribu kuziondoa inchi kabisa, wakafanya ringi za milimeta 365, 390 na 415. Walishindwa. Dunia ilikuwa imekwisha kuzoea mchanganyiko wake.

Sisi wenyewe tuliwahi kuwa watengenezaji. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilianzishwa mwaka 1969, na jirani zetu wa Nairobi walikuwa na cha Firestone. Vyote viwili vimekwisha kusimama. Kwa hiyo matairi yauzwayo Tabata hutoka nchi nyingi, mengine mapya, mengine yametumika, na maandishi ya kila namna hukutana katika kibanda kimoja.

Basi mtu atafutaye kipimo cha gari lake asianzie kwenye tairi. Tairi laweza kuwa limefungwa na mwenye gari wa kwanza, naye alikosea kama sisi. Aanzie mlangoni kwa dereva. Asiogope maandishi ya Kijapani, bali azisome namba. Katika magari mengine kibao kimo ndani ya kifuniko cha mafuta. Na kama kimefunikwa na rangi ya mpulizo, jambo tulionalo mara nyingi katika gereji za mjini, kitabu cha gari hueleza. Kibao hicho hicho hutaja na upepo, ambao ni nusu ya habari, maana tairi halibebi mzigo kwa mpira wake. Upepo uliomo ndani ndio ubebao. Kikisema 220 kPa, gawanya kwa 7, utapata kama 31 au 32, ndiyo hesabu ya ratili iliyo katika geji ya fundi.

Kisha anakili yote mpaka mwisho. Tuseme kibao kinasema 195/65R15 91S. Upana ni milimeta 195. Ubavu ni 65 katika mia za 195, yaani karibu milimeta 127. Ringi ni inchi 15, ambayo ni milimeta 381. Ukijumlisha ringi na mbavu mbili, juu na chini, wapata kimo cha tairi zima, karibu milimeta 635. Namba 91 ni kilo 615, na S ni mwendo usiozidi kilometa 180 kwa saa. Mzigo na mwendo vikizidi vile vya kibao hakuna neno. Vikipungua ni hatari.

Mtu mwingine atasema, "Nitafunga 195/80R15, gari liinuke, lisigonge matuta." Afanye hesabu ile ile: ataona milimeta 693. Tairi limekua kwa sehemu tisa katika mia, na geji ya mwendo haijui habari hizo. Ikimwambia anakwenda kilometa 80, kwa kweli anakwenda 87. Tena gurudumu likikatwa kona laweza kukwaruza bodi.

Na ringi haina msamaha hata kidogo. Ya 15 haivai tairi la 16. Marekani zilikuwako ringi za inchi 16 na nusu kwa magari ya mizigo. Mafundi waliojaribu kulilazimisha tairi la 16 likae juu yake kwa kulijaza upepo zaidi na zaidi, wengine waliuawa lilipopasuka mikononi mwao.

Ikiwa tairi limetumika, tafuta pia tarakimu nne za mwisho katika mstari uanzao na DOT. Tangu mwaka 2000 zaonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kashata zaweza kuwa nzuri na mpira umekwisha kuzeeka, kama vile mlango mzuri wa nyumba iliyoliwa na mchwa.

Tulipokuwa Bagamoyo siku ile tuliwaeleza watoto habari za wapagazi, waliokuja kwa miguu kutoka bara, kila mtu na mzigo wa ratili kama 60 begani. Baada ya kuumia kwa yule binti tulifanya hesabu: tairi moja lenye namba 107 hubeba mizigo ya wapagazi zaidi ya thelathini. Nasi tulikuwa tumelichagua kwa bei.

Tulinunua mengine manne, ya 107/105, na yule mzee akayafunga mwenyewe. Akamwita fundi kijana aliyelibonyeza la kwanza, akamwambia mbele yetu kwamba kidole chake kilisema kweli, na siku nyingine aseme kwa sauti kubwa zaidi. Tukamwomba radhi kijana. Magunia hatupakii tena, na watoto huketi kwa hesabu ya viti. Matairi matatu yaliyobaki hatukuyatupa, maana hayakuwa na kosa. Tuliyauza kwa mtu mwenye gari dogo, baada ya kuufungua mlango wake na kusoma kibao, ambacho kilisema 195/80R15 96.